Uzi wa Mita Nane

Ijumaa asubuhi fundi cherehani alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mhasibu wa hospitali, mfuko wa kitambaa mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na vitu vinne: bili ya mama yake, laki mbili na nusu zilizofungwa kwa mpira, ganda tupu la uzi wa kushonea vidonda, na karatasi moja kuukuu iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikaanza kutoboka.

Bili ilikuwa laki sita na elfu arobaini. Zile laki mbili na nusu zilikuwa jasho lake, jasho la kaka yake, na fedha za wateja watatu waliokubali kulipia nguo ambazo hazijakatwa. Zaidi ya hapo nyumba ilikuwa imekung'utwa kama gunia. Kilichobaki cha kuuzwa kilikuwa kimoja, cherehani, na mnunuzi alishapatikana: angekuja kesho, Jumamosi, na laki nne mkononi. Kaka mtu alisema cherehani ni chuma, mama ni mama. Hakuna aliyembishia. Lakini chuma hicho ndicho kilichoilisha nyumba miaka ishirini, na fundi alijua kwamba mama akirudi na cherehani ikaondoka, mwezi utakaofuata watakuwa na mama mzima na sufuria tupu.

Mama mwenyewe alikuwa amepona. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuwaeleza watu. Utumbo ulijikunja, akapasuliwa Jumatano ya wiki iliyopita, akashonwa, na Jumatatu daktari akaandika kwa mkono wake kwamba mgonjwa aende nyumbani. Toka hapo hakushikiliwa na ugonjwa. Alishikiliwa na askari wa getini, ambaye hampitishi mtu bila kikaratasi cha rangi ya waridi chenye mhuri wa mhasibu. Waliopona wakakosa kikaratasi walihamishiwa chumba cha mwisho cha korido, vitanda sita, dirisha moja. Wenyewe walikiita Hotelini. Kila usiku wa Hotelini uliongezwa kwenye bili, elfu kumi na mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hospitali ile haikuwa na jembe, ilikuwa na kalamu.

Bili ya kwanza ilikuja na mstari mmoja tu: matibabu, jumla. Fundi akaomba mchanganuo. Siku ya kwanza karani alimwambia mashine imeharibika. Siku ya pili mashine ilikuwa nzima ila mwenye ufunguo hayupo. Siku ya tatu fundi alikuja na kigoda chake, akakaa chini ya dirisha la karani na kuanza kutia vifungo kwenye gauni la mteja. Hakugomba. Watu wa kwenye foleni walilazimika kumruka. Gauni lilikuwa na vifungo kumi na viwili. Alipofika cha saba, mchanganuo ulitoka.

Aliusomea Hotelini, kwa sauti, kwa sababu wanawake wote sita walitaka kuusikia. Kitanda usiku tisa. Upasuaji. Dawa ya usingizi. Dripu. Glavu, jozi arobaini.

"Arobaini?" aliuliza mgonjwa wa kitanda cha pili. "Alipasuliwa na pweza?"

Huyu walimwita Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa na siku thelathini na moja mle ndani na hakuna aliyemzidi. Ndiye aliyegawa zamu za dirisha. Ndiye aliyemjulisha mama, siku alipohamishiwa, kwamba godoro lake lina bonde upande wa kushoto na alale kama anayepanda mlima.

Mstari uliofuata ulisema nyuzi, pakiti kumi na moja, kila moja elfu tisa. Hapo fundi aliacha kusoma.

Nyuzi ni kitu anachokijua. Siku ya upasuaji stoo ya hospitali iliishiwa, akatumwa mbio duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara kununua pakiti mbili kwa fedha yake, na ganda la pakiti moja alilitia mfukoni, kwa sababu yeye ni mtu wa kutunza maganda. Kwenye ganda paliandikwa urefu: sentimita sabini na tano. Alhamisi, saa ya kutazama wagonjwa, alikuja na utepe wake wa kupimia, akamwomba mama ruhusa, akafunua shuka.

"Unanipima gauni au sanda?" mama aliuliza.

"Nakupima deni, mama. Tulia."

Kidonda kilikuwa na sentimita ishirini, kutoka juu ya kitovu kushuka. Mshono mzuri, aliona, mkono haukutetemeka. Kisha akapiga hesabu anayoijua kuliko sala: mshono hula uzi mara tatu ya urefu wake. Ishirini mara tatu, sitini. Pakiti moja na chenji inabaki. Nyuzi kumi na moja zikiungwa pamoja ni zaidi ya mita nane. Uzi wa mita nane unapiga pindo karibu shuka nzima.

Kanuni ile hakuzaliwa nayo. Alifundishwa hapohapo hospitalini, miaka kumi na miwili nyuma, na mhasibu huyuhuyu, enzi hizo akiwa msaidizi mwenye meza ya pembeni karibu na choo. Fundi alipewa kazi ya kushona mashuka mia mbili ya wodini, kitambaa chao, uzi wake. Akamaliza kwa wiki tatu, na macho yalimwasha mwezi mzima. Akapeleka madai yake, na humo uzi, vibunda ishirini na vinne. Msaidizi akatoa kalamu nyekundu. Shuka moja ina mita tatu za pindo. Mara tatu, mita tisa. Mara mia mbili, mita elfu moja na mia nane. Kibunda kina mita mia. Kwa hiyo vibunda kumi na vinane, na hivyo ndivyo vitakavyolipwa. Fundi akamweleza kwamba uzi hukatika, kwamba sindano ikichomoka lazima uanze upya, kwamba hakuna fundi duniani anayeshona bila kupoteza. Akaandikiwa jibu kwa wino mwekundu pembeni mwa karatasi, na sahihi chini yake.

Alilipwa vibunda kumi na vinane, baada ya miezi mitano. Karatasi akaitia kwenye kopo la vifungo. Watu humwambia ana kinyongo. Husema kusahau ni starehe ya wanaolipwa kwa wakati.

Mlango ulifunguliwa, akaitwa.

Mhasibu alikuwa na meza kubwa sasa, na kiti cha kuzunguka, na dirisha la kutazama bustani. Hakumkumbuka. Alimkaribisha vizuri, akamwita mama ingawa walikuwa rika moja, akamsikiliza akiwa amefumbata vidole. Fundi aliweka ganda mezani na kuanza: urefu wa kidonda, mara tatu, pakiti moja. Wao wameandika kumi na moja.

Mhasibu alitabasamu kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Alisema hospitali si soko la mitumba, kwamba mambo ya chumba cha upasuaji yana wataalamu wake, na ili mama aridhike atamwita mtaalamu mwenyewe. Akainua simu. Baada ya dakika chache akaingia sista wa chumba cha upasuaji, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, kofia bado kichwani, uso wa mtu aliyeachishwa chai.

Sista alieleza bila madaha. Tumbo halishonwi tabaka moja. Kuna utando wa ndani, kuna nyama, ndipo ngozi. Anachokiona yeye pale juu ni cha mwisho tu.

Uso wa fundi ulipata moto. Miaka ishirini anashona makoti. Angemfukuza mwanafunzi yeyote ambaye angekadiria koti kwa kuangalia upande wa juu peke yake na kusahau kitambaa cha ndani. Mhasibu alikwisha kuanza kurudisha karatasi zake kwenye faili.

"Hapo nimekosea," fundi alisema. Alimgeukia sista, si mhasibu. "Sikuhesabu bitana."

Sista alimtazama kwa mara ya kwanza. "Bitana," alirudia, na mdomo ukamcheza. "Ndiyo, bitana. Tena mbili."

"Basi tuseme matabaka matatu. Sitini mara tatu ni mia na themanini. Pakiti mbili hazifiki, tatu zinabakiza."

"Zilikwenda nne. Moja ilikuwa ya kufunga mishipa inayovuja damu."

"Nne nakubali. Mkono ulikuwa wako?"

"Wa daktari. Mimi nilikata nyuzi."

"Mshono umenyooka. Nimeutazama."

Haya yalisemwa kama wazungumzavyo mafundi wawili juu ya kazi ya mtu wa tatu, na huenda ndiyo sababu sista hakujua amesema nini mpaka mikono ya mhasibu iliposimama juu ya faili. Nne. Alimwangalia mhasibu, akaiangalia bili iliyolala mezani, akasoma mstari wa nyuzi kichwachini. Angeweza kusema hakumbuki. Watu wengi wangefanya hivyo, na wana watoto wa kusomesha. Sista alitoka, akarudi na daftari la chumba cha upasuaji, akalifungua Jumatano ile na kuweka kidole. Nyuzi, nne, mbili kati yake zimenunuliwa na ndugu wa mgonjwa. Glavu, jozi kumi na mbili.

Mhasibu alivaa miwani. Alisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa mistari yenyewe. Kisha akasema kwamba daftari huandika kilichotumika, haliandiki kilichoharibika. Kuna kinachoanguka sakafuni, kuna kinachochafuka.

"Na uzi," alimalizia, "uzi hukatika."

Fundi alitoa kitu cha nne mfukoni, ile karatasi kuukuu. Aliikunjua taratibu isije ikachanika, akaigeuza kumwelekea mhasibu, akailainisha kwa kiganja. Hesabu ya mashuka mia mbili ilikuwa imefifia. Wino mwekundu wa pembeni haukufifia. *Uzi ukikatika ni hasara ya fundi. Hospitali inalipa kinachoonekana kwenye kitambaa.* Chini yake sahihi, ileile yenye mkia mrefu iliyokuwa kwenye bili.

"Mwaka ule uzi wangu haukukatika," alisema.

Hakupaza sauti. Sista alijishughulisha kufunga daftari. Nje mtu wa bustani alikuwa anafagia njia, na ufagio wake ulisikika vizuri.

Mhasibu alimwomba sista aende akamalizie chai yake. Mlango ulipofungwa, alivua miwani na kuacha kumwita fundi mama.

"Fundi, tuseme ukweli. Kumi na moja si ya mama yako. Ni ya wote. Niliikuta. Aliyepasuliwa kichwa na aliyetolewa kidole tumbo, wote kumi na moja, glavu arobaini. Nikirekebisha hii moja, kesho nina foleni mpaka getini."

Akamwekea njia mbili mezani. Ya kwanza, marekebisho. Aandike malalamiko, yaende kwenye bodi, bodi inakaa Alhamisi ijayo ikipata akidi. Wakikubali kuondoa nyuzi tisa, glavu ishirini na nane na usiku nne za kushikiliwa, bili itashuka kuwa laki nne na elfu sitini na tisa. Mpaka hapo mgonjwa atabaki kitandani, na kitanda kinahesabiwa. Ya pili, msamaha. Hospitali ina fungu la wasiojiweza. Alipe laki tatu sasa hivi, atie sahihi fomu, mama yake atoke kabla ya adhuhuri.

Fundi aliiomba fomu. Aliisoma kama anavyosoma kipimo cha mteja mgomvi. Ilisema kwamba familia imekiri bili ni halali. Kwamba haina uwezo. Kwamba inaishukuru hospitali kwa huruma yake. Kwamba haitadai tena wala kuhoji chochote kuhusu bili ya mgonjwa aliyetajwa hapo juu.

Alisema laki mbili na elfu thelathini. Mhasibu akasema hapo anamfanyia mzaha. Wakapanda na kushuka kama watu wa sokoni, kwenye ofisi ile isiyo soko, mpaka wakakutana kwenye laki mbili na elfu arobaini na tano. Elfu tano za nauli zikabaki kwenye mpira. Lakini sahihi hakutia. Alisema mgonjwa si yeye, anakwenda kumuuliza mwenyewe.

Hotelini mama alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amevaa, kanga ya pili begani. Alikuwa hivyo kila asubuhi toka Jumatatu, mtu aliye tayari kuondoka. Fundi alimweleza yote, hata la bitana. Mama alicheka akashika tumbo.

Fundi aliwageukia wengine, akauliza kama kuna mwenye mchanganuo. Mwenyekiti alikuwa nao. Mpwa wake aliuhangaikia wiki mbili, kisha hakujua aufanyie nini, akauacha chini ya mto. Kidole tumbo. Kidonda cha vidole vinne. Glavu, jozi arobaini. Nyuzi, pakiti kumi na moja.

Fundi aliurudisha chini ya mto. Akakaa kando ya mama yake, upande wa bonde. Alisema kwamba akitia sahihi fomu ile atakuwa amekubali kwa maandishi kwamba uzi ulikuwa kumi na moja. Karatasi moja aliibeba miaka kumi na miwili kwa sababu ilisema uongo juu ya kazi yake. Leo atakwenda kuandika ya pili kwa mkono wake mwenyewe.

Mama alikuwa akiufunga upya upindo wa kanga, na vidole havikuwa na nguvu vizuri.

"Nisikilize, mwanangu. Nimelala kitanda cha mlima usiku nne. Nne unazilipia wewe, lakini ubavu ni wangu. Kiburi chako nakijua, nimekuzaa nacho. Hakina miguu ya kunitoa humu."

"Na hawa?"

"Hawa hawatoki kwa sababu mimi nimebaki."

"Nenda, dada," Mwenyekiti alisema kutoka kitandani kwake. "Mimi nimeshaota mizizi. Nikitoka leo nani atagawa dirisha?"

Wakacheka, wote isipokuwa fundi.

Alirudi ofisini. Alilipa, noti zikahesabiwa mara mbili. Aliisoma fomu tena kutoka juu mpaka chini, na alipofika mstari wa mwisho akausoma kwa mara ya tatu. Kisha akatia sahihi. Alihisi alivyohisi miaka ile akipokea vibunda kumi na vinane, hilo hakuna haja ya kulipamba. Mhasibu aligonga mhuri kwenye kikaratasi cha waridi, akamrudishia na ile karatasi kuukuu, akiishika kwa ncha za vidole.

"Hii bado unaitaka?"

"Ndiyo. Na nakala ya fomu."

Saa tano na nusu walipita getini. Askari alikitazama kikaratasi mbele na nyuma, akamtazama mama, akamtakia afya njema, akakitumbukiza kwenye kopo. Mama alitembea polepole, mkono mmoja tumboni, akisema barabara imepanuka. Haikuwa imepanuka.

Jumamosi mnunuzi alikuja na laki nne zake, akapewa maji ya kunywa na samahani. Aliondoka akinung'unika kwamba watu wa mtaa ule hawana neno moja. Kaka mtu alimsindikiza. Fundi alishona mpaka saa tisa, gauni la kwanza kati ya yale matatu yaliyokwisha kuliwa fedha yake. Halafu akafunika cherehani, akatoa fomu kwenye kopo la vifungo, akamsomea mama yake mstari wa mwisho. Hatahoji chochote kuhusu bili ya mgonjwa aliyetajwa hapo juu.

"Aliyetajwa hapo juu ni wewe," alisema. "Peke yako."

Mama aliinua macho kutoka kwenye kikombe. "Chukua na machungwa," alisema. "Usiende mikono mitupu."

Saa kumi, saa ya kutazama wagonjwa, fundi alikuwa Hotelini na utepe wake shingoni. Mwenyekiti alikwisha kulala chali. Wengine wanne walikuwa na bili zao mkononi; wawili walikuwa na mchanganuo, wawili walitaka kujua kigoda kinauzwa wapi. Fundi aliweka machungwa dirishani, akachutama, akapima. Sentimita saba. Mara tatu, ishirini na moja. Mwenyekiti aliuliza kama anaweza kupumua sasa au kupumua nako kuna bei.

Sista wa chumba cha upasuaji alipita mlangoni na trei ya vyuma. Hakusimama, wala hakugeuza kichwa.

"Usisahau bitana," alisema, akaendelea na korido.